Zipu Mbili, Mifuko Miwili na Kanga Mkobani

Jumatatu niliyorudi kazini baada ya likizo ya uzazi nilivaa blauzi ya satini ya kijivu, sketi nyeusi inayobana magotini na viatu vya kisigino cha wastani, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikivaa kabla ya kupata ujauzito, na nilidhani kurudi kazini ni pamoja na kurudi ndani ya nguo zile zile. Ilipofika saa 4 asubuhi, tukiwa katikati ya kikao cha kufunga hesabu za mwezi, mtoto wa mteja mmoja alilia nje ukumbini, nami nikasikia ule mchomo wa maziwa kushuka ambao kila aliyewahi kunyonyesha anaufahamu. Sauti ya mtoto anayelia, hata awe wa jirani usiyemjua, inatosha kuufanya ubongo umwage homoni ya oksitosini, na homoni hiyo huyasukuma maziwa bila kuuliza kama uko kikaoni. Nilipoinamisha macho niliona madoa mawili kifuani, yakitambaa taratibu kama mafuta ya taa kwenye gazeti. Nililikumbatia faili la vocha mpaka kikao kikaisha, na mkuu wa idara akanisifu kwa kuwa makini na nyaraka.

Ninafanya kazi ya uhasibu katikati ya Dar es Salaam na ninaishi upande wa Mbezi, kandokando ya Barabara ya Morogoro, mwendo ambao asubuhi yenye foleni huchukua saa 1 na nusu na jioni yenye mvua huchukua muda ambao sipendi kuutaja. Nina binti wa darasa la kwanza na mvulana wa miezi 11. Haya ninayoyaandika ni ya mavazi, lakini anayetafuta mitindo mipya atatoka mikono mitupu. Ninataka kueleza jinsi nilivyolazimika kuzipima upya nguo zangu zote kwa yale yanayozipata kati ya saa 11 alfajiri na saa 3 usiku: mtoto anayecheua begani, bomba la kushikilia ndani ya daladala, kiti cha ofisi, jasho, maziwa, uji, na vidole vidogo vinavyovuta kila kinachoning'inia. Kioo cha kabati langu hakijui lolote kati ya hayo, na kwa miaka mingi ndicho nilichokuwa nikikiuliza.

Niseme kwanza kidogo juu ya siku, maana hesabu ya siku ndiyo inayoifanya nguo iwe tatizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 iwapo amejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mkupuo, na inamruhusu kuianza likizo hiyo tangu wiki 4 kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua. Siku 84 ni wiki 12. Aliyeanza kupumzika wiki 4 kabla, kama nilivyofanya kwa mtoto wa kwanza kwa kuwa miguu ilikuwa imevimba, anarudi kazini mtoto akiwa na wiki 8 hivi. Na aliyevumilia mpaka siku ya uchungu, kama nilivyofanya kwa huyu wa pili, bado anarudi wiki 2 kabla ya chanjo ya wiki ya 14. Baba naye anapewa siku 3, ambazo zinatosha kununua beseni, kumpokea bibi yake mtoto kituo cha basi na kujibu simu za pongezi. Wakati huo huo kliniki inatuambia, na Shirika la Afya Duniani linasema vivyo hivyo, kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee mpaka atimize miezi 6. Toka mwezi wa 3 mpaka wa 6, basi, ofisi ina mfanyakazi mwenye maziwa, na sijawahi kuingia katika duka la nguo za kazini ambalo lilimkumbuka mtu wa namna hiyo.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Kwa anayeishi jirani na kazini ni neema kubwa; kwangu mimi, saa 2 hazinifikishi Mbezi na kunirudisha. Nilikubaliana na ofisi nitoke saa 8 mchana badala ya saa 10 jioni, makubaliano yakaandikwa kwenye barua, na ninamshauri kila mama aombe yaandikwe, kwa sababu makubaliano ya mdomo huhama pamoja na bosi aliyeyatoa. Hata hivyo kati ya saa 12 asubuhi ninapotoka nyumbani na saa 10 jioni ninapoingia kuna saa 10 nzima, na matiti hayasomi barua. Ilinibidi nikamue mara 2 kila siku, katika ofisi isiyo na chumba cha shughuli hiyo. Kuna choo, ambako sikukubali kutayarishia chakula cha mtu yeyote, na kuna stoo ya mafaili ya zamani yenye mlango usiofunga vizuri. Nilichagua stoo.

Ndani ya stoo ndiko nilikogundua kwamba karibu kila nguo niliyokuwa nayo ilishonwa kwa mtu asiye na haraka. Blauzi ya vifungo ina vifungo 7, vya kufungua na kufunga mara mbili kwa siku, huku kitasa kikitikiswa na mtu anayetafuta faili la mwaka juzi. Gauni lenye zipu mgongoni ni balaa zaidi, kwa kuwa hulazimisha mtu alivue lote mpaka kiunoni, abaki ameketi juu ya boksi la risiti kama mtu aliyeokolewa mafurikoni. Fulana za kunyonyeshea zinazouzwa madukani zinafanya kazi nzuri, sizikatai, ila huwezi kuingia nazo kwenye kikao na wakaguzi wa hesabu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa fundi wangu, kaka mmoja mwenye cherehani mbili kwenye kibaraza karibu na kituo cha daladala, nikamweleza ninachotaka: gauni la kitenge la kawaida, la heshima, urefu chini ya goti, lenye ile mishono miwili ya mbele inayoshuka kutoka begani kupitia kifuani mpaka chini, na ndani ya kila mshono zipu ya kuficha, ianze inchi 2 chini ya bega na ishuke inchi 8. Alinisikiliza huku futi ikining'inia shingoni, kisha akasema, "Mama, zipu mbili mbele? Watu watasemaje?" Nilimjibu kwamba watu hawataziona, na wakiziona ujue kazi umeiharibu. Aliichukulia kama changamoto ya ufundi wake. Gauni la kwanza lilitoka safi kiasi kwamba mama mkwe wangu, ambaye macho yake hayakosi uzi uliolegea, alilishika akalitazama mbele na nyuma asione kitu.

Mtoto ndiye aliyeona kasoro. Siku ya kwanza aliponyonya kupitia zipu ile aliinuka na mstari mwekundu shavuni, wenye vijino vidogo vidogo kama reli, kwa kuwa meno ya zipu yalikuwa yakimgusa moja kwa moja. Fundi akaongeza ukanda mwembamba wa bitana ya pamba nyuma ya kila zipu. Kasoro ya pili ilijitokeza baada ya kufua: kitenge kilinywea kidogo, utepe wa zipu haukunywea, na kifua kizima kikajikunja kama bati. Tangu siku hiyo kila kitenge ninakiloweka kwenye maji ya baridi usiku mzima na kukianika kabla hakijafika kwenye mkasi. Ni kazi ya usiku mmoja, nayo humwokoa mtu na gauni litakaloonekana limechoka kabla halijavaliwa mara tatu.

Kitenge chenyewe nilikichagua kwa sababu nyingine mbali na uzalendo. Kipande cha yadi 6 kinatoa magauni mawili kwa mtu wa kimo changu. Pamba hunywa jasho na maziwa, wakati polista huviacha vikae juu vikimeta, na mji wetu huu, ambao kuanzia Januari mpaka Machi joto la mchana hupita nyuzi 30, haumwachii mtu wa polista siri yoyote. Zaidi ya hayo, kitenge chenye maua madogo ya rangi zilizokolea hakionyeshi doa la majimaji. Nililijaribu hilo nyumbani kabla ya kulithubutisha kazini: nilimwagia maji ya kijiko kwenye blauzi ya kijivu, kwenye shati jeupe na kwenye kitenge cha bluu iliyoiva chenye maua ya njano, kisha nikamwita binti yangu anionyeshe palipolowa. Kwenye kitenge alikosea mara mbili.

Ofisini kwetu kitenge kilikuwa nguo ya Ijumaa. Hakuna kanuni iliyoandikwa, lakini kila mtu aliijua, na nilipolivaa Jumanne niliulizwa kama kuna harusi. Sikubishana. Nilikwenda kwenye mitumba pale Ilala, nikachambua mpaka nikapata koti jeusi lisilo na mabega makubwa, kwa shilingi 7,000, na tangu hapo gauni la kitenge chini ya koti jeusi limekuwa vazi la ofisi kama suti nyingine yoyote. Koti hulala kwenye kiti changu. Halijawahi kupanda daladala wala kucheuliwa. Kwenye milango ya ofisi nyingi za umma kuna bango lenye picha za nguo zisizoruhusiwa, sketi fupi, nguo zinazobana, migongo wazi, na ninakubaliana nalo kwa sehemu kubwa. Ila huwa ninajiuliza aliyelichora kama aliwahi kumfikiria mama wa mtoto wa miezi 4, ambaye kila nguo inambana kifuani kwa sababu kifua chenyewe hubadilika ukubwa kati ya asubuhi na adhuhuri.

Sasa bomba la daladala. Anayesimama kutoka Mbezi mpaka mjini ameinua mkono mmoja juu karibu safari nzima, na nguo nyingi za kike zimekatwa kana kwamba mikono ya mwanamke haipandi juu ya mabega. Mkono ukiinuka, gauni zima hupanda nao, goti likaonekana, kisha siku moja konda akifunga breki za mdomo na dereva akifunga breki za kweli, mshono wa kwapani unaachia. Magauni yangu mawili yalikufa kifo hicho. Dawa yake ni ya kale, nayo imo kwenye kanzu za wanaume tangu enzi za babu zetu: kile kipande kidogo cha pembe nne kinachoshonwa kwapani ili mkono upate nafasi. Jina lake ni kikwapa, jina lile lile tunaloipa harufu ya jasho la mahali hapo, na nilipomwambia fundi, "Naomba uniwekee kikwapa," vijana wake wawili waliinamia cherehani wakicheka mpaka wakakata uzi. Ni kipande cha inchi 3, hakiongezi gharama, na kinaniwezesha kushika bomba kuanzia Kimara mpaka Magomeni bila gauni kuhama mahali pake. Kwa nini mavazi ya wanawake yaliachwa bila kipande hicho, hilo waulizwe wanaoyakata.

Mifuko miwili ya pembeni sikuiombea kibali. Mama mwenye mtoto mkono wa kushoto na mkoba mkono wa kulia hana mkono wa tatu wa kutafuta nauli, na kipochi kidogo cha kuning'iniza begani ndicho kitu cha kwanza mtoto hukitia mdomoni. Mfuko wa kulia ni wa nauli na funguo, wa kushoto ni wa pedi za matiti za akiba. Fundi asipoagizwa atauning'iniza mfuko kwenye mshono wa pembeni tu, na funguo zitauvuta mpaka gauni lionekane lina nyonga moja. Mwambie aufunge na mshono wa kiuno.

Kuhusu sidiria nitasema machache. Zile za waya nilizifungia sandukuni, kwa kuwa waya unaokandamiza titi lililojaa huweza kuziba njia za maziwa, na aliyewahi kuamka na uvimbe unaochoma na homa juu yake hahitaji kushawishiwa. Za kunyonyeshea ninazo 3, zote za pamba, moja ikiwa mwilini, moja kambani, moja mkobani. Viatu navyo ni jozi mbili: raba za safarini na viatu vya chini vyeusi vinavyokaa chini ya meza. Visigino nimeviweka kwa ajili ya harusi.

Kitu ambacho hakijawahi kukosekana mkobani mwangu ni kanga. Sizungumzii doti nzima. Doti hukatwa mapande mawili, moja la mkobani na moja la kwenye msumari mlangoni. Kipande kimoja, chenye urefu wa mita 1 na nusu hivi na upana wa mita 1 na ushee, pamba tupu, kinakunjika kikawa saizi ya daftari. Nimekitumia kama pazia la kunyonyeshea, mbeleko, shuka la kumlaza mtoto kwenye benchi la kliniki, taulo, mwavuli wa kukimbilia kituoni, na siku moja kama kamba ya kufungia mlango wa bajaji ulioachia kitasa. Bibi zetu walilielewa jambo hili kiasi cha kulipeleka mpaka kwenye posa: wapo wengi, Pwani na bara, ambao upande wa mwanamume hauwezi kumchukua binti bila kutoa mkaja na mbeleko, kumshukuru mama yake kwa kiuno alichokifunga baada ya uzazi na kwa mgongo aliombebea. Leo vitu hivyo hutolewa kwa fedha taslimu ndani ya bahasha, lakini majina yake yamebaki ya nguo.

Tatizo la kanga ni kwamba ina mdomo. Wiki za mwanzo, kwa kuwa mlango wa stoo haukufunga, nilikuwa nikiitundika kanga yangu kwenye uwazi wa mlango kama pazia, bila kuangalia jina lake limeelekea wapi. Nilikuwa nimeinunua kwa ajili ya rangi, nyekundu na nyeusi, yenye pindo pana, na jina lake lilisema: Kikulacho ki nguoni mwako. Wiki ile ile kulikuwa na upungufu kwenye fedha ndogo za ofisi, maneno yakawa mengi, na kila aliyepita ukumbini aliisoma kanga ile saa 5 asubuhi na saa 7 mchana. Siku ya tatu dada mmoja wa idara yetu alinifuata mezani, amekunja uso, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada yangu, ile kanga unanisema mimi?" Sikuelewa anachosema mpaka aliponisomea. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, nikamwonyesha picha ya mwanangu kwenye simu: kinachonila kweli kimo nguoni mwangu, nikamwambia, tena kinaota meno. Alicheka pia, ingawa hakuwa ameridhika kabisa. Niliibadilisha kanga nikaleta yenye jina la Wema hauozi, nikidhani nimemaliza matata, na dada yule yule akataka kujua ni wema gani ninaomkumbusha. Sasa naitundika jina likiwa ndani.

Maziwa yenyewe yana masharti yake, na nayaeleza kwa kuwa nilichelewa kuyajua. Yaliyokamuliwa yanaweza kukaa nje ya friji kwa saa 4 iwapo joto la chumba halizidi nyuzi 25, na stoo yetu nyuzi 25 inazisikia tu kwenye taarifa za habari za Njombe. Kwa hiyo chupa inaingia kwenye friji ya ofisi mara moja, ikiwa imeandikwa tarehe na saa, ndani ya kibegi chenye vipande vya barafu ambacho ndicho kinachosafiri nayo jioni. Nyumbani, ndani ya friji, hayapaswi kuzidi siku 4, ingawa kwetu hayajawahi kuona siku ya pili. Nilikuwa nikiifunika chupa kwa mfuko mweusi ili nisiwakwaze wenzangu, mpaka mzee mmoja wa masijala aliponiambia, "Mwanangu, hayo ni maziwa. Hapa kuna watu wanaficha kongoro." Mfuko mweusi niliutupa.

Jioni ndiyo yenye mabishano. Mama mkwe anashikilia kwamba mama aliyetoka safari hamchukui mtoto kabla hajaoga na kubadili nguo, kwa sababu ya jasho na vumbi la barabarani, na siwezi kusema amekosea. Mtoto naye anashikilia kwamba hakuna sekunde ya kupoteza, na sauti yake ni kubwa kuliko ya bibi yake. Tumesuluhisha kwa kile kipande cha pili cha kanga kilichopo kwenye msumari: nikiingia ninanawa mikono na uso, ninajifunika kanga safi kuanzia begani, ninafungua zipu ya upande mmoja, na gauni la barabarani linabaki chini ya kanga bila kumgusa mtoto. Bibi huondoka sebuleni akiguna, lakini huondoka.

Nguo za watoto nazo zina usiku wake. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini sare ni juu ya mzazi, na anayezinunua mwezi Januari hukutana Kariakoo na wazazi wengine wote wa mji huu. Za binti yangu nilizishonesha Novemba: sketi mbili za bluu zenye marinda na mashati matatu meupe. Nilimwomba fundi aache pindo la inchi 4 kwenye sketi, la kushushwa kila anaporefuka, na nguo iliyokunjwa ndani kwenye kiuno inayoweza kufunguliwa. Shati jeupe ni adui wa mama, na sijapata ujanja zaidi ya kuliloweka usiku ule ule. Doa la embe likilala, limehamia. Sweta nilizishonea uzi wa rangi ya chungwa ndani ya kola, kwa sababu jina lililoandikwa kwa kalamu hufutika na watoto 60 wana sweta zinazofanana, wakati uzi wa chungwa yeye mwenyewe anautambua hata kabla hajajua kusoma vizuri.

Kila Jumapili usiku dada anayetusaidia nyumbani na mimi huketi sebuleni tukafungasha nguo za wiki: vifurushi vitano vya binti, kila kimoja na shati, soksi na nguo za ndani, na rundo la mtoto lililopigwa pasi. Pasi kwa nguo za mtoto mchanga watu wengi huiona kama mbwembwe. Wasiyoijua ni sababu yake: kuna inzi anayependa kutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa majanini, na funza akianguliwa huingia kwenye ngozi laini na kuota kama jipu. Jua kali likiwepo hupunguza hatari. Masika, nguo inapokauka kwa siku mbili chini ya ukumbi, tegemeo ni pasi ya moto, tena ipite kwenye mishono na lastiki, ambako unyevu hukawia. Umeme ukikatika tuna pasi ya mkaa ya mama yangu, nzito kama dhambi, na dada anaimudu kuliko mimi.

Nguo zangu mwenyewe siku hiyo huja mwisho. Magauni sasa yamefika manne, yote ya mkato mmoja, na rangi pekee ndizo zinazotofautiana. Ofisini wenzangu wawili wameshaniomba namba ya fundi, mmoja wao akiwa na mimba ya miezi 7. Yule dada wa kanga amemshonesha mdogo wake.

Kuna jambo moja tu ambalo sikulitarajia. Kijana wangu amegundua zipu. Anakijua kile kishikio kidogo cha juu kilipo hata kwenye giza, na wiki iliyopita, tukiwa kwenye foleni ya benki, yeye mgongoni kwa dada na mimi nimeinama kumpa biskuti, alinyoosha mkono akaishusha mpaka mwisho mbele ya mlinzi, huku akichekelea. Kanga ilikuwa mkobani, ikanisitiri. Jumamosi nimeyapeleka magauni yote manne kwa fundi ili aweke kulabu ndogo juu ya kila zipu, mahali ambapo vidole vya miezi 11 havitafika. Amesema nipitie Jumatano, nami najua Jumatano ya fundi huwa Ijumaa, kwa hiyo wiki hii navaa blauzi ya kijivu, na faili la vocha liko mezani.